Kiu Yako ni Kazi Yetu

Jumatatu, 2 Septemba

Wamepiga vigingi! Vinne, vya buluu, kuzunguka kisima cha marehemu baba. Nimetoka kufungua steshenari yangu, ninarudi kuchukua funguo nilizosahau, nakuta vijana wawili wenye fulana za Kampuni ya Tiririka wanagonga nyundo kana kwamba wako kwa baba yao. Nikawauliza wametumwa na nani. Wakasema na ofisi. Ofisi ya nani? Ofisi tu.

Baba alichimba kisima hiki kwa mikono yake, Ihumwa ikiwa bado vichaka na reli. Akakitoa sadaka jariya. Kila anayeteka, thawabu inamfuata alipolala. Kabla hajafa alimshika mama mkono akasema maji haya yasije yakauzwa. Basi. Hakuna wosia mwingine, maana hakuwa na kitu kingine.

Sasa Tiririka wanataka kuweka pampu, tangi na bomba la kadi. Unagusisha kadi, maji yanatoka. Salio likiisha, midomo inakauka. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Paulina, ametangaza mkutano Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Mtaa ukikataa, kampuni inang'oa vigingi vyake.

Stara, mke wangu, anasema jambo ni dogo. Nivae kanzu, niende, nisimame, niseme familia haikubali. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Watu wote wamekunywa maji ya baba, watanifuata.

Wanawake bwana! Mikutano ni ya watu wasio na akili ya kalamu. Kampuni haipigwi kwa kunyoosha mkono, inapigwa kwa kitabu. Nitaandika riwaya. Tena ya saibapanki.

Nimezisoma hizi hadithi kwenye simu mpaka macho yameniuma. Mji wa kesho, taa za rangi, mvua haikatiki, na juu ya kila kitu kampuni moja. Ina polisi wake, mahakama yake, hewa yenyewe inauza. Serikali imebaki jina. Mkuu wa kampuni anaishi ghorofani ambako mawingu yanapita chini ya dirisha. Jicho moja la chuma. Hazeeki, hacheki, damu anabadilishiwa kama oili ya gari. Halafu anatokea mtu wa uchochoroni, hohehahe, anamvua nguo mbele ya dunia. Nadhani anamvua. Nyingi sikuzimaliza, bando lilikuwa linakata.

Jumatano, 4 Septemba

Sura ya kwanza tayari. Dodoma ya miaka mia ijayo. Kampuni inaitwa Kiu. Mkuu wake ni Bwana Chuma, ambaye hajakanyaga udongo tangu ujana wake. Kiu inamiliki mvua. Wingu likipita juu ya paa lako unakatwa salio, hata kama halikunyesha. Nilipoandika hapo nilitetemeka mwenyewe.

Nikaituma kwenye kundi letu la simu, Wasomaji wa Ihumwa. Nikakaa kusubiri hasira ya umma.

Wa kwanza kujibu ni Henry, kinyozi wa mbele ya duka langu, anayejiita mwandishi kwa sababu ya visa vyake vya mapenzi. Anauliza: huyu Bwana Chuma akifiwa na jirani, anashukaje? Nikamjibu hashuki. Henry akasema basi hadithi si ya kweli, hakuna tajiri asiyekuja msibani. Tajiri anakuja, anakaa mkekani, anatoa gunia la mchele, anaondoka watu wakimwombea dua. Kundi zima likamuunga mkono. Wakabishana mpaka jioni kama Bwana Chuma angetoa mchele au maharage!

Mwingine akauliza kama kampuni ya Kiu inaajiri.

Nimezima simu. Majitu haya ndiyo ninayoyapigania.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimegundua kosa. Bwana Chuma yuko mbali mno. Msomaji lazima amtambue. Kwa hiyo leo nimekwenda kupeleleza ofisi za Tiririka, kule karibu na Mtumba kwenye wizara za serikali. Miwani nyeusi, kofia, faili tupu kwapani ili nionekane mtu wa wizara.

Nilitegemea mlango wa chuma, kamera, walinzi wasio na shingo. Nikamkuta dada mmoja mapokezi anaitwa Cecilia. Akanikaribisha kiti, akaniletea maji ya baridi kwenye glasi, akaniuliza nimetokea wapi kwenye jua lote hili. Nikayanywa. Matamu! Hasira zikanipanda maradufu.

Mara mlango wa ndani ukafunguka. Mkurugenzi mwenyewe, Mzee Elisha. Macho yote mawili ya nyama. Tumbo la haja, kofia ya pama, kijiti cha meno mdomoni. Nikajikuta nimesema shikamoo. Ulimi hauna akili.

Akaitikia marahaba, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikasema wa marehemu Mzee Athuman wa Ihumwa, mwenye kisima. Nilitaka ashtuke. Akapiga makofi! Athuman Mnyamwezi? Basi wewe mtani wangu! Maana yeye Mgogo wa Mvumi, na sisi ukoo wetu tulifika huku na misafara ya wapagazi, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo. Mtani unamtania, unamtukana hata kwenye maziko, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa.

Akawaita wafanyakazi wake wote waje waone mzigo uliosahauliwa njiani. Akasema babu yangu alipita Ugogo na pembe za ndovu kichwani, ulimi nje, babu yake akamuuzia maji, ndiyo sababu ukoo wetu haukukufa. Kwa hiyo Mnyamwezi kulipia maji Ugogo ni mila, anachofanya yeye ni kutunza utamaduni tu. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

  Jibu lilikuja nikiwa nimeshafika nyumbani, nikamwambia Stara, akasema zuri sana, kaliseme mkutanoni.

Jumamosi, 7 Septemba

Moto! Sura tano kwa siku mbili. Bwana Chuma sasa ana tumbo, pama na kijiti cha meno. Kabla ya kumnyang'anya mtu anamwita ndugu yangu. Anachota machozi ya wajane, anayachuja, anawauzia wenyewe. Kwenye mnara wake nimeweka tangazo la taa nyekundu linalowaka mchana na usiku: KIU YAKO NI KAZI YETU. Maneno matano tu, lakini yamebeba uovu wote wa makampuni ya dunia. Nimeyasoma kwa sauti, nywele zikanisimama.

Nikachapa dukani kwangu, nikabana kwa pini, nikagawa gulioni bure. Wino wote umekwisha. Mwalimu aliyeleta mitihani ya wanafunzi amenifokea. Nikamwambia mapinduzi hayangoji muhula.

Mama ameniuliza ninagawa nini. Nikamwambia silaha. Akatazama karatasi, hajui kusoma herufi hizi, anasoma Kiarabu tu. Akauliza kama mle ndani nimeandika kwamba baba alikataza maji yasiuzwe. Nikaona kweli nimesahau. Nikamwambia itakuja sura za mbele.

Jumatatu, 9 Septemba

Nilijiandaa kwa yote. Polisi, wakili, wahuni wa kukodi. Kwenye hadithi hizi mkuu wa kampuni akichokozwa anatuma muuaji mwenye visu vya kuchomoza vidoleni. Nimelala na mchi chini ya kitanda.

Mzee Elisha ametuma mbuzi.

Beberu mweupe, amefungwa utepe wa buluu. Simu ikafuata. Mzee anacheka, anakohoa, anacheka tena. Anasema nimemuweza. Machozi ya wajane! Kijiti cha meno! Mkewe amesomewa sura ya nne mara mbili. Tangu mtani wake wa Tabora afariki hajatukanwa vizuri namna hii. Akaniomba nisiache, niongeze.

Nimekaa na simu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi akaambiwa hongera. Nimemwita mnyonyaji, ananiita mtani! Nitamkosea vipi mtu ambaye hakoseki? Nataka akasirike. Ni haki yangu akasirike!

Mama amesema mbuzi arudishwe leo leo. Nikamweleza kwamba kwa mila kukataa zawadi ya mtani ni matusi. Akasema si ndiyo ulikuwa unataka kumtukana?  Wazee hawaielewi mikakati.

Jumanne, 10 Septemba

Mbuzi tumemla. Siyo tumemla, nimemla mimi, na jirani wachache waliosikia harufu. Mama na Stara wamekula dagaa. Henry alipita, nikamkaribisha kwa roho nyeupe, akasema ameshiba. Ameshiba saa saba mchana kinyozi yule! Wivu tu. Mimi nimepata msomaji mkurugenzi, yeye visa vyake vinasomwa na wasusi.

Nyama ilikuwa laini, jambo lililozidi kunitia uchungu.

Alhamisi, 12 Septemba

Amejileta mwenyewe mtegoni! Mzee Elisha kapiga tena. Jumamosi ana sherehe kwake Mvumi, kampuni inatimiza mwaka. Watakuwepo wakubwa wa Mtumba, wenye benki, wachungaji. Anataka mimi niwe mgeni wa utani. Nisimame mbele ya wote nisome kitabu, nimtukane nitakavyo.

Nitakavyo! Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka. Sura zile zilikuwa mchezo. Nitaandika nyingine, ya ukweli mtupu, isiyo na chumvi. Nitamtaja mwizi mbele ya benki yake. Mnara utaanguka.

Stara akaniuliza sherehe ni saa ngapi. Nikasema saa nne. Akaweka mwiko chini.

Nikamtuliza. Mkutano wa mtaa haujawahi kuanza kwa wakati tangu niijue Ihumwa. Saa nne yao ni saa saba. Nitasoma, nitamwangusha, nitarudi na gari la kampuni nikiwa shujaa, mkutano utakuwa wa kunipongeza tu.

Akasema, "Baba Ikram, kisima hakisomi vitabu."

Halafu akaendelea kusonga ugali. Mwanamke huyu ana maneno ya kukata, laiti angekuwa na kipaji.

Jumamosi, 14 Septemba

Andika, Habibu, andika, usije ukapasuka.

Walinitumia gari. Hema jeupe, viti vyenye vitambaa, wali, kuku, zabibu mbichi kwenye sinia. Nikawekwa meza kuu kando ya Mzee Elisha. Akaninong'oneza nile kwanza, tusi halitoki tumbo likiwa tupu. Nikala. Mpiga picha akasema tucheke. Tukacheka. Ilikuwa mbinu.

Nikasimama. Nikasoma machozi ya wajane, wakaangua vicheko. Nikasoma watoto wanaolamba umande kwenye vioo vya mnara, wakapiga meza. Nikaitupa karatasi. Nikamnyooshea kidole, nikasema kwa Kiswahili cha mama yangu, wewe ni mwizi, unaiba maji ya maiti, baba yangu aliyatoa kwa Mungu na wewe unayafungia kadi.   Sijawahi kusema kweli tupu hivyo maishani mwangu.

Vicheko vikakatika. Nikadhani tayari.

Mzee Elisha akatoa kijiti mdomoni, akajifuta macho kwa leso, akasema, "Huyu ndiye mtani. Msikieni anavyouma."

Hema likalipuka! Makofi, vigelegele. Wakaja mmoja mmoja kunitunza, wananibandika noti usoni, mchungaji mzima ananikumbatia. Nikapaza sauti kwamba sitanii. Wakazidi. Nikaapa. Wakalia kwa kucheka. Ungesema nimo ndani ya chupa, napiga kelele, wao wanaona mdomo tu ukichezacheza.

Nikarudi Ihumwa saa tisa. Uwanja mtupu, viti vya kuazima vinapakiwa kwenye mkokoteni. Mkutano ulianza saa nne kamili. Saa nne kamili! Watu hawa hawana hata adabu ya kuchelewa.

Stara ndiye aliyenieleza, akiwa amenipa mgongo. Mama alisimama kwa fimbo. Akawaambia marehemu aliacha maji haya kwa Mungu, na yeye ni mkewe, hakubali. Watu wakainamisha vichwa, ilikuwa karibu. Ndipo Mama Paulina akauliza mtoto wa kwanza yuko wapi, familia ina neno moja au mawili? Na hapo hapo picha zikaanza kuingia kwenye simu, kampuni imezirusha. Mimi, mezani, paja la kuku mkononi, natabasamu na Mzee Elisha bega kwa bega. Simu zikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema, kama mwenye kisima mwenyewe anakula nao, sisi ni nani?

Mikono ikapanda. Waliokataa ni mama, Stara na Henry.

Henry! Anajipendekeza tu kwa familia yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekasirika na kila mtu. Nimemkasirikia Mama Paulina kwa kuwahi. Mpiga picha. Kuku. Mtaa mzima, wanafiki, maji ya baba yangu wameyanywa tangu wakiwa wachanga, wameshindwa kungoja mtu mmoja masaa machache. Nimemkasirikia babu kwa kusikia kiu. Angevumilia kidogo, leo tusingekuwa na mtani.

Mama hanisemeshi. Nimemwamkia mara mbili, ameitikia marahaba kama anamwitikia mpita njia.

Jumamosi, 28 Septemba

Wamezindua. Tangi limesimama juu ya miguu ya chuma pale alipokuwa anakaa baba kupumzika. Wameufunika mdomo wa kisima kwa zege. Na ubavuni mwa tangi, kwa herufi kubwa kuliko mtu, nyeupe juu ya buluu: KIU YAKO NI KAZI YETU.

Maneno yangu! Maneno ya Bwana Chuma!

Nikamvaa Mzee Elisha mbele ya kadamnasi. Nikamwambia yale ni maneno ya shetani, niliyaandika ili watu wakimbie. Akasema ndiyo, vijana wa matangazo waliyasoma kwenye kitabu changu wakasema hawajawahi kuona ahadi tamu kama hiyo. Akanishika bega. Akasema mali ya mtani haiibwi, inachukuliwa tu. Kisha akanikabidhi kadi ya kwanza, yenye jina langu, watu wakapiga makofi. Niliipokea kwa mikono miwili. Mazoea.

Jioni mama alitoka na kopo lake la kutawadhia. Akasimama mbele ya bomba. Nikakimbilia na kadi yangu, nikagusisha, maji yakaanza kutoka. Hakutega kopo. Akaliacha bomba likimwaga, akarudi uani, akachutama, akapiga viganja kwenye vumbi, akajipaka uso na mikono. Anatayamamu!

Nikamfuata. Nikamwambia mama, kisheria tayamamu ni kwa aliyekosa maji, na maji yale pale, yanamwagika.

Akasema, "Hayo ni yako na mtani wako. Ya mume wangu siyaoni."

Akaelekea kibla. Nikarudi kufunga bomba, salio lilikuwa linakwenda.

Jumatatu, 30 Septemba

Mambo yamefunguka! Hasira ni mtaji, anayeijutia mjinga.

Kwanza, nimeweka bando kubwa, nikamaliza zile hadithi za saibapanki nilizoachia njiani. Nimeshangaa. Karibu zote mwisho wake mbovu. Yule mtu wa uchochoroni anapiga kelele, anapigana, mwishoni kampuni inamnunua, inaweka uso wake kwenye mabango, na mkuu yuko pale pale juu ya mawingu. Ovyo kabisa. Waandishi wale hawakujua kumalizia. Mimi nitamalizia.

Kwa hiyo naanza kitabu cha pili. Shujaa ni mwandishi, hohehahe, mtu pekee mjini asiyekubali kununuliwa. Mzee Elisha amepiga, ameahidi kukichapa chote, jalada gumu, nembo ya Tiririka ndogo tu nyuma. Ana sharti moja, matusi yawe makali zaidi. Nimekubali papo hapo. Mjinga anafadhili maangamizi yake mwenyewe! Jumamosi nitasoma sura ya kwanza mbele ya wafanyakazi wake wote kule Mtumba.

Jumamosi hiyo hiyo kuna mkutano mtaa wa pili, Tiririka wamepiga vigingi kisima cha msikitini. Henry amekuja dukani, mkasi bado mkononi, akaniomba niende naye nikawaambie watu yaliyotupata. Anasema mimi ndiye ninayejua. Nikamweleza kwa upole kwamba nina ratiba. Watanisubiri, mikutano haianzi kwa wakati. Akaniangalia sana. Kinyozi huyu hawezi kuficha wivu.

Stara ameniambia nikachote maji. Nimegusisha kadi, imelia, salio limekwisha. Kadi namba moja! Mtani gani huyu! Hili nitaliweka sura ya tatu, atajuta.

Nimekaa sasa mezani, karatasi mpya, kalamu mpya ya buluu waliyonipa kwenye sherehe. Sentensi ya kwanza imekataa kuja. Nje, chini ya dirisha, mama anapiga viganja kwenye vumbi, anarudia, anapiga tena. Nimefunga dirisha. Kelele zile zinanivurugia kazi.